Kuhusu Gurudumu la Nyuma, Ambalo Nilirithi Mimi

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama Mdogo, na kwamba mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku hatujambo. Mke wangu hajambo, watoto hawajambo, cherehani haijambo, na gurudumu la mbele la baiskeli ya marehemu Baba halijambo kabisa. Linang'aa, limenenepa kwa upepo, halina shida na mtu. Lenye hali mbaya ni gurudumu la nyuma. Na kwa kuwa ndilo ulilonirithisha mimi, nimeona nisinung'unike pembeni kama mtoto, bali nikuandikie rasmi, kwa kalamu, na kwa heshima zote.

YAH: MALALAMIKO JUU YA PANCHA ZA GURUDUMU LA NYUMA, NA OMBI LA KUGAWA UPYA BAISKELI YA MAREHEMU

Kwanza nikukumbushe, maana najua una mengi. Wiki tatu baada ya kumzika Baba, mimi na Kaka hatukugombania nyumba wala shamba. Tuligombania baiskeli. Kaka alisema yeye ni mwalimu, shule iko mbali, baiskeli inamfaa yeye. Mimi nilisema ni fundi cherehani, nina sare za wanafunzi za kupeleka, baiskeli inanifaa mimi. Yote hayo tuliyasema kupitia kwako, maana wakati huo mimi na Kaka hatukuwa tukisemeshana. Ndipo ukainuka, ukamwomba Kaka chaki (mwalimu hakosi chaki mfukoni), ukachora mstari mweupe kwenye bomba la baiskeli, hapo hapo mbele ya tandiko. Ukasema, "Mbele ya mkubwa, nyuma ya mdogo. Asubuhi ataendesha mkubwa, mchana ataendesha mdogo, na kila mtu atatengeneza chake."

Kaka akapata usukani, kengele, taa, breki ya mbele na pampu. Mimi nikapata tandiko, keria, cheni, na kile kikopo cha viraka na gundi. Ukaandika karatasi, tukatia saini, na kifungu cha tatu kikasema kwamba atakayepeleka pancha kwa fundi wa baiskeli, au kuazima pampu kwa jirani, atakuwa amepoteza fungu lake. Watu walicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nashukuru kupata tandiko.

Nilikuwa mjinga. Sasa nimeerevuka, na malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Idadi. Tangu siku ile imepita miezi kumi na moja. Kwenye daftari langu la vipimo vya wateja, mwisho kabisa, baada ya ukurasa wa viuno, nimefungua ukurasa wa pancha. Mpaka leo asubuhi: nyuma ishirini na saba, mbele nne. Na katika hizo nne za mbele, moja ni ya huruma. Ilikuwa vali imechakaa tu, lakini nikamwandikia Kaka pancha nzima ili asijisikie mpweke. Hata refa aliyehongwa huona aibu kwa matokeo kama hayo.

2. Uzito. Ulipogawa, Baba Mdogo, hukutazama mzigo unakaa wapi. Mwendeshaji anakaa kwenye tandiko, na tandiko ni langu. Mzigo unakaa kwenye keria, na keria ni yangu. Kila asubuhi Kaka anafunga madaftari ya darasa zima kwenye keria yangu, na juu ya madaftari anamweka Shemeji, ambaye hushukia zahanati anakofanya kazi. Shemeji simlaumu hata kidogo. Anakaa upande kwa adabu, na nimeambiwa kwamba akishuka hulipapasa tairi na kusema, "Pole, shemeji," ingawa wakati huo mimi niko nyumbani nakata vitambaa. Lakini ukweli ubaki ukweli: mwalimu, mkewe, na makosa ya hesabu ya watoto arobaini na sita, wote wako juu ya gurudumu langu. Mbele kuna nini? Kuna mwavuli. Na likitoboka, hata kama ni Kaka aliyekuwa juu yake, pancha ni yangu, kwa sababu kila mtu atatengeneza chake.

3. Kuamsha misumari. Hili ndilo lililonikosesha raha. Nilikuwa nikijiuliza, magurudumu yote mawili yanapita njia moja, yanafuatana, hakuna linalochepuka. Kwa nini mwiba uchague moja? Nikamwuliza Kaka. Badala ya kunijibu kama ndugu, akanichorea. Msumari barabarani, alisema, huwa umelala ubavu. Gurudumu la mbele likipita juu yake haliumii, ila linaugusa, linauinua, unasimama. La nyuma linapofika linaukuta umesimama wima, unalingojea. Aliyapenda sana maelezo yake, akaenda kuyafundisha darasa la sita. Sasa nikipita karibu na shule watoto wananiamkia, "Shikamoo Mzee wa Nyuma!" Naitikia, nifanyeje.

Lakini tazama alichokiri! Amekiri kwa kinywa chake na kwa chaki yake kwamba gurudumu lake ndilo linaloamsha misumari. Wahenga walisema aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe. Kwetu hapa mwamshaji anaendelea na safari, tena anapiga na kengele, na anayelala ni yule anayemfuata. Wahenga hawakuwa na baiskeli, lakini nina hakika hawakukusudia hivyo.

Ili nisimsingizie mtu, nilifanya jaribio. Nilipanga misumari kumi na miwili uani, yote imelala, nikamwomba mke wangu asukume baiskeli juu yake polepole, mimi nimechutama natazama. Ni kweli, Baba Mdogo. Msumari wa saba uliamka mbele ya macho yangu, ukanitazama, ukaingia kwenye tairi langu. Hiyo ndiyo pancha namba kumi na tisa, na naomba ihesabiwe, kwa kuwa ilipatikana katika kutafuta haki. Mke wangu alisema maneno ambayo sitayaandika hapa.

4. Mikono. Gurudumu la mbele ni la kistaarabu. Nati mbili, limetoka. La nyuma lina cheni, cheni ina grisi, na grisi ina tabia ya kumfuata mtu mpaka kazini. Nami kazi yangu ni mashati meupe. Mwezi uliopita niliacha alama ya dole gumba langu lote kwenye shati la bwana harusi, mgongoni, chini kidogo ya kola, imetulia kama muhuri wa serikali. Kitambaa kingine cha kubadilisha sikuwa nacho. Nikashona mfuko juu yake. Bwana harusi akaniuliza mfuko wa mgongoni ni wa nini, nikamwambia ndio mtindo. Sasa rafiki zake wawili wameleta vitambaa, wanataka mifuko ya mgongoni, na mimi ninaishi kwa wasiwasi, maana mtindo huo ulizaliwa na pancha namba ishirini na nne.

5. Pampu. Hapa kalamu inakuwa nzito kidogo.

Pampu ni ya Kaka, viraka ni vyangu. Maana yake hakuna pancha inayoweza kumalizwa na mtu mmoja. Gurudumu langu likilala lazima nivuke barabara, niende kwa Kaka, nibishe hodi. Na Kaka hatoi pampu hivi hivi. Kwanza karibu. Kisha kiti. Kisha chai, na chai ya Shemeji huwezi kuinywa haraka, ina moto kama pasi yangu. Kisha tunaulizana habari za watoto, ambao wako pale pale mlangoni wanacheza pamoja na tunawaona wote. Ndipo anasema, "Nyuma tena?" Hilo "tena" linaniuma kuliko msumari. Pampu yenyewe hanikabidhi, kwa kuwa ni fungu lake. Anavuka nayo barabara ameibana kwapani, anangoja nibandike kiraka, kisha anajaza upepo mwenyewe huku akihesabu kwa sauti kana kwamba yuko darasani, na akikosea hesabu anaanza upya. Kazi ya robo saa inakula alasiri nzima.

Katika alasiri hizo ishirini na saba nimelazimika kusikia mambo ambayo sikuyaomba. Nimesikia kwamba goti lake la kushoto linamsumbua kwenye ngazi. Kwamba walimnyima ualimu mkuu kwa mara ya pili, naye Shemeji alimdanganya kwamba ameukataa mwenyewe, kwa hiyo na mimi nisimwambie Shemeji ukweli. Kwamba huota Baba anamtuma dukani na hamwambii akanunue nini. Kwa hilo la duka nilicheka, naye akacheka, na upepo wote ukatoka kwa sababu hakuna aliyekuwa ameshika vali. Ilibidi tuanze tena, na sare za watu zinangoja.

Naandika haya ili uone hasara niliyopata. Kabla ya mgao wako, mimi na Kaka tulikuwa tumenuniana vizuri kabisa kwa miaka miwili. Kila mtu na upande wake wa barabara, hakuna aliyempotezea mwenzake muda. Sababu unaijua, lakini niirudie kwa ajili ya kumbukumbu. Baba alipoanza kuanguka na baiskeli, Kaka alificha pampu. Baiskeli ikaegemea ukuta matairi yamelala, na Baba akakaa kibarazani akiitazama. Nikamwambia Kaka, mbele ya ukoo mzima, kwamba amemvunja mzee miguu kabla ya wakati wake. Sikuona haya kulisema, na sijaomba radhi, kwa kuwa nilikuwa nasema kweli. Kaka aliinuka. Alikunja mikono ya shati akaondoka, na shati lenyewe nilimshonea mimi.

Wewe, ukiyajua yote hayo, ukampa yeye pampu. Ile ile! Sijui ulikuwa unafikiria nini. Mara kadhaa akiwa anajaza upepo huanza kusema, "Unajua, hii pampu..." kisha anarudi kwenye kuhesabu. Simwulizi amalizie. Nina kazi.

6. Mke wangu anasema barua hii ni upuuzi mtupu. Nimeliorodhesha kwa sababu nilijiapiza kuandika kila kinachonikera.

Sasa, mlalamikaji asiye na dawa ni mpiga kelele, kwa hiyo naleta na dawa. Uchague itakayokupendeza.

Mosi, gurudumu la mbele lihamishiwe nyuma, na la nyuma lihamishiwe mbele, nalo lipumzike. Kaka anasema hiyo haisaidii kitu, kwa kuwa litakalokaa nyuma ndilo litakalokuwa la nyuma. Huo ni ujanja wa walimu.

Pili, kama hilo halifai, baiskeli iendeshwe kinyumenyume siku za Jumatano na Jumamosi, ili mbele nako kuonje ladha ya kufuata. Nimejaribu uani. Inahitaji mazoezi na uwanja usio na kuku.

Tatu, ikishindikana, tuikate kwa msumeno pale pale ulipochora. Mstari bado upo, mvua ikiufuta Kaka anaupitia upya kwa chaki. Yeye aondoke na kengele yake. Mimi nibaki na tandiko langu, nitalikalia hata kama haliendi popote.

Nne, na hili ndilo ninaloliomba kwa dhati: nitumie pampu. Mama Mdogo aliwahi kusema ipo moja ya zamani kwenye stoo yenu. Kifungu cha tatu kinakataza kuazima kwa jirani, na wewe si jirani, ni mzazi. Nikiwa na pampu yangu sitakuwa na haja ya kuvuka barabara. Nitaziba pancha zangu kimya kimya, robo saa, bila chai, na mimi na Kaka tutarudi kwenye utaratibu wetu wa zamani ambao haukuwa na gharama kwa mtu. Ukinifanyia hilo tu, nitauridhia mgao wote, grisi na misumari yake, na sitakusumbua tena kwa jambo hili maisha yangu yote.

Nisalimie sana Mama Mdogo. Nisalimie mabinamu wote, kuanzia yule mrefu hadi yule mdogo anayeuma watu, kama bado anauma. Nisalimie na yule jirani yenu wa redio. Shemeji anakusalimu, watoto wa nyumba zote mbili wanakusalimu. Kaka hajui kwamba nakuandikia, ila angejua angekusalimu pia, kwa hiyo zipokee na zake.

Ni mimi mwanao mtiifu,

Mwenye Nusu ya Nyuma

Tanbihi: Barua hii nilikuwa nimeshaitia kwenye bahasha na kuifunga, ndipo nikasikia hodi. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, uniwie radhi kwa makunyanzi.

Alikuwa Kaka, ameshika baiskeli, pampu kwapani. Gurudumu la mbele limelala chini kabisa. Zile mara nne za kwanza alimtuma Shemeji kuja kuchukua viraka. Hii ya tano amekuja mwenyewe. Basi nami sikutoa viraka hivi hivi. Nikamkaribisha, nikampa kiti, nikampa chai, nikamwuliza habari za watoto waliokuwa wanatupita miguuni. Kisha nikasema, "Mbele leo?" Neno hilo nililitunza miezi kumi na moja.

Tukatoa tyubu, tukaitia upepo kidogo, tukaizamisha kwenye beseni la maji. Tukaizungusha mara ya kwanza, hakuna povu. Mara ya pili, hakuna povu. Mara ya tatu nikaiinamishia sikio. Tyubu ni nzima, Baba Mdogo. Haina tundu hata la kupitisha uzi. Mtu alikuwa ameilegeza vali, akaachia upepo wote, akaifunga tena.

Pancha za namna hiyo nazijua. Katika zile ishirini na saba nilizokuandikia, tisa ni za namna hiyo hiyo, na hakuna anayezijua isipokuwa mimi na mke wangu, aliyenikuta nimechutama kwenye vali siku ya namba kumi na moja, akapita na ndoo yake bila kuuliza. Kwa hiyo tafadhali sahihisha kule juu: nyuma kumi na nane. Na ukiona ile ya jaribio la uani haistahili, basi kumi na saba.

Nilimtazama Kaka. Kaka alikuwa anatazama beseni. Nikafungua kikopo changu, nikapiga msasa, nikapaka gundi, nikabandika kiraka mahali pazima kabisa. Akaanza kujaza upepo, moja, mbili, tatu, na alipofika thelathini na kitu akasema, "Unajua, hii pampu sikuificha mimi." Nikamwambia namsikiliza. Akasema Baba ndiye aliyempa. Alimwita kando akamwambia, "Ichukue, uwaambie watu umenikataza. Miguu imeshakataa, na sitaki wajue kwamba naogopa." Kaka akaapa kutosema, na kweli hakusema, hata siku ile niliyomsimamisha mbele ya ukoo mzima. Nadhani wewe ulilijua hilo kabla hujaomba chaki.

Nilitaka kumwomba radhi, nikashindwa. Nikasema tu, "Umeacha kuhesabu." Akasema, "Basi tuanze upya." Akafungua vali, upepo wote ukatoka, tukaanza moja.

Pampu ya stoo iacheni huko huko, Mama Mdogo asihangaike kuitafuta. Ila viraka vinakaribia kuniishia. Kama vipo huko, nitumie vingi.